Dirisha la Ghorofa ya Kumi

Lifti ya kituo kikuu cha polisi cha Johannesburg, jengo lililoitwa John Vorster Square lilipofunguliwa mwaka 1968, iliishia ghorofa ya tisa. Mahabusu aliyetakiwa ghorofa ya kumi alishushwa hapo, akapandishwa ngazi kwa miguu. Huko juu ndiko zilikokuwa ofisi za Tawi la Usalama, na ndiko alikopelekwa Ahmed Timol, mwalimu wa sekondari wa Roodepoort, baada ya kukamatwa kwenye kizuizi cha barabarani usiku wa tarehe 22 Oktoba 1971. Alasiri ya tarehe 27 mwili wake ulikuwa umelala chini, kando ya jengo. Ilikuwa imebaki wiki moja tu atimize miaka 30.

Polisi hawakukosa la kusema. Sajini mmoja, João Rodrigues, alieleza kuwa alipanda kuwapelekea kahawa na hati za mishahara makapteni wawili waliokuwa wakimhoji Timol katika chumba namba 1026. Makapteni wakatoka, akabaki yeye na mahabusu. Timol akaomba kwenda msalani. Walipoinuka wote wawili, kufumba na kufumbua, mahabusu akalikimbilia dirisha, akalifungua na kujirusha. Ilitolewa pia karatasi iliyodaiwa kuwa ya chama cha kikomunisti, inayowaagiza wanachama wajiue kuliko kuwasaliti wenzao. Mwaka 1972 Hakimu J. L. de Villiers aliyapokea hayo yote, akatamka kuwa Timol alijiua na hakuna wa kulaumiwa.

Isome tena hadithi ile kwa jicho la mtu anayetunga hadithi, utaona ilivyosukwa. Kahawa ipo kwa sababu maisha ya kila siku yana kahawa. Mishahara ipo kwa sababu ofisi ina mishahara. Makapteni wanatoka kwa wakati unaofaa, na anayebaki ni karani ambaye hakuna wa kumdhania ukatili. Mwandishi anayetaka kuandika habari za mtu aliyeuawa na polisi hukuta ameshatanguliwa: kuna mtunzi mwingine, mwenye mihuri na magari na mahakimu, aliyekwisha kuandika toleo lake. Nami naona hapo ndipo fasihi ya aina hii inapopata nguvu zake na ndipo inapojeruhiwa. Huingia vitani na hadithi ya polisi, ikashinda mara nyingi, lakini mara nyingi vilevile hutoka vitani ikiwa imemsahau marehemu.

Nianze na ushindi. Chris van Wyk, mshairi aliyekulia Riverlea, kusini mwa Johannesburg, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipochapisha mwaka 1979 shairi fupi juu ya vifo vya mahabusu. Wasomi na wanafunzi wa Afrika Kusini hulisoma shairi hilo kama shairi la Timol. Van Wyk hakubuni kitu. Alivichukua visingizio vitatu ambavyo raia walikuwa wamevizoea kuvisikia redioni, cha kuanguka, cha kujinyonga, na cha kuteleza kwa sabuni bafuni, akaviweka kimoja baada ya kingine kama mtoto anayekariri somo. Kisha akaanza kuvikoroga, kitenzi cha huku akakipeleka kule, mpaka maelezo ya serikali yakawa upuuzi mtupu mbele ya macho ya msomaji. Hakutukana, hakulia, wala hakumtaja muuaji.

Wala visingizio vyenyewe havikuwa vya kutungwa na mshairi. Mwaka 1969 ilielezwa kuwa mahabusu mmoja amefariki baada ya kuteleza kwenye sabuni. Mwaka huohuo Imam Abdullah Haron wa Cape Town, imamu wa msikiti wa Claremont, alifia rumande baada ya siku 123 za kuzuiliwa, na polisi wakasema aliporomoka kwenye ngazi. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1964, Suliman Saloojee alianguka kutoka ghorofa ya saba wakati akihojiwa na polisi haohao wa usalama. Timol hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Katika jengo lile la John Vorster Square pekee walikufa mahabusu wanane kati ya mwaka 1971 na 1990, na mmoja wao, Matthews Mabelane, naye inasemekana alipitia dirisha la ghorofa ya kumi, mwaka 1977.

Sasa tazama upande wa pili wa ushindi wa van Wyk. Shairi lake halina jina la mtu. Ndani yake mna "yeye" tu, na "yeye" huyo hana mama, hana darasa, hana mji. Akiondoka Timol akaingia Mabelane, shairi halibadiliki hata nukta. Najua ndivyo mshairi alivyokusudia, na pengine ndivyo ilivyopasa, maana kulitaja jina kwa nyakati zile kulikuwa kuchungulia mlango wa rumande. Hata hivyo kizazi kizima kimelikariri shairi hilo shuleni bila kujua kuwa Ahmed Timol alipenda kriketi.

*

Miaka miwili kabla ya kifo cha Timol, dirisha jingine lilifunguka Milano. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka ndani ya benki iliyoko Piazza Fontana, likaua watu 17. Polisi wakawaswaga wanarkisti. Miongoni mwao alikuwamo Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli mwenye umri wa miaka 41 na baba wa watoto wawili wa kike. Hakuburutwa. Aliwafuata polisi hadi makao yao makuu akiendesha pikipiki yake ndogo, kama mtu anayekwenda kutoa maelezo na kurudi kula chakula cha usiku. Sheria iliruhusu wamshikilie saa 48. Walimshikilia siku tatu, na karibu na usiku wa manane wa tarehe 15 akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Polisi wakatangaza kuwa amejiua, kitendo kilichochukuliwa kama kukiri. Miaka mingi baadaye mahakama zilibaini kuwa bomu lile lilikuwa kazi ya kundi la mrengo mkali wa kulia.

Dario Fo, ambaye mwaka 1997 angetunukiwa Nobeli, alipandisha jukwaani tamthilia yake juu ya mkasa huo Desemba 1970, mwaka mmoja tu baada ya maziko. Ili kukwepa kushtakiwa, alijifanya anasimulia kisa cha New York cha mwaka 1920, cha mwanarkisti Mwitaliano Andrea Salsedo, aliyeanguka kutoka ghorofa ya 14 alikokuwa akishikiliwa na wapelelezi. Hakuna mtazamaji aliyedanganyika. Katika tamthilia, kichaa mmoja mwenye tabia ya kujivika vyeo vya watu anajifanya jaji, anawaingia maafisa wa polisi ofisini, na kuwataka waigize upya usiku ule. Kila wakiigiza wanazidi kujikoroga. Kwa nini dirisha liwe wazi usiku wa Desemba, Milano ikiwa imeganda kwa baridi?

Kuna kiatu pia. Nje ya jukwaa, askari mmoja alidai kuwa alijaribu kumdaka Pinelli asianguke, kiatu kikambakia mkononi. Waliomwona marehemu pale uani walisema miguu yote miwili ilikuwa na viatu. Fo alikiokota kiatu hicho kama zawadi. Mtu wa miguu miwili mwenye viatu vitatu! Ukumbi ulicheka mpaka machozi, na baada ya pazia kushuka watazamaji walibaki wakijadiliana na waigizaji habari za kesi iliyokuwa ikiendelea mahakamani mjini humo. Fo alikuwa akiibadilisha tamthilia kadiri ushahidi ulivyotoka. Sijui mfano mwingine wa jukwaa lililokimbizana na mahakama namna ile.

Kwa hiyo kicheko ni silaha halali hata palipo na maiti. Wenzetu wengi wanaona ni kufuru, kwamba msiba una adabu zake. Mimi nasema inategemea anayechekwa ni nani. Fo hamcheki Pinelli hata mara moja.

Shida ni kwamba hamwonyeshi pia. Pinelli haingii jukwaani, hata katika kumbukumbu za mtu. Yule aliyependa kujifunza Kiesperanto, na aliyekutana na mkewe kwenye darasa la lugha hiyo, hayumo. Kilichomo ni mahali alipopitia. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1982, mjane wake Licia Pinelli alipotoa kitabu cha mahojiano na mwanahabari Piero Scaramucci, ndipo Waitaliano wakamjua mume, nyumba, simu iliyosubiriwa usiku kucha. Kitabu cha mjane hakikupata hata robo ya watazamaji wa tamthilia. Kwa maoni yangu hakuna anayeijua habari ya Pinelli asiyekisoma.

Nalo deni la kumtaja mtu vibaya lipo. Kamishna Luigi Calabresi, mmoja wa maafisa wa kituo kile, aliandamwa na magazeti ya mrengo wa kushoto, akachorwa kwenye katuni, akaitwa muuaji. Tarehe 17 Mei 1972 alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa. Mwaka 1975 Jaji Gerardo D'Ambrosio alitamka kuwa Calabresi hakuwamo chumbani Pinelli alipoanguka. Jaji huyohuyo alikataa kuwa ni mauaji, akakataa kuwa ni kujiua, akaangukia maelezo ya ajabu kwamba Pinelli alipatwa na kizunguzungu kilichomrusha nje, maelezo ambayo hata Fo asingethubutu kuyatunga. Mwaka 2007 mtoto wa Calabresi, Mario, aliyekuwa mdogo sana baba yake alipouawa, aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya kukua bila baba. Miaka miwili baadaye wajane wote wawili, wa Pinelli na wa Calabresi, walialikwa ikulu mjini Roma na Rais Giorgio Napolitano. Wasimulizi wa habari za ukatili wa polisi hawapendi kukisimulia kipande hiki. Mimi nimekiweka hapa kwa makusudi, kwa sababu hasira ya haki huandika haraka, na jina likishachapishwa halifutiki.

*

Steve Biko, mwanaharakati Mweusi wa Afrika Kusini, yuko tofauti na Timol na Pinelli kwa jambo moja kubwa: aliandika mwenyewe.

Alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977 kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown, akahojiwa katika chumba namba 619 cha jengo la Sanlam mjini Port Elizabeth, akaumizwa kichwani, kisha akalazwa uchi na pingu nyuma ya Land Rover na kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi Pretoria, alikofia tarehe 12 Septemba. Waziri Jimmy Kruger mwanzoni aliwaelekeza watu waamini kuwa ni mgomo wa kula. Baadaye polisi wakashikilia kuwa palitokea purukushani, Biko akajigonga kichwa ukutani. Hakimu Marthinus Prins aliumaliza uchunguzi wa kifo hicho kwa kutomlaumu yeyote.

Mwaka uliofuata Norman Fenton na Jon Blair walifanya jambo la busara: walichukua kumbukumbu za mahakama zenyewe, wakazikata na kuzipanga, wakazifanya tamthilia. Ukiwa na majibu ya polisi mbele ya wakili kama Sydney Kentridge huhitaji mtunzi. Kinachotisha katika kumbukumbu zile ni madaktari, wasomi waliomwona mgonjwa akiropoka, wakaandika kuwa hawaoni tatizo.

Filamu ya Richard Attenborough, *Cry Freedom*, ya mwaka 1987, ndiyo iliyompeleka Biko kwa mamilioni, na ndiyo inayoniudhi. Imejengwa juu ya vitabu vya Donald Woods, mhariri Mzungu aliyekuwa rafiki wa Biko na aliyejihatarisha kwelikweli kuueleza ulimwengu kilichotokea. Simlaumu Woods. Lakini filamu ikifika katikati Biko ameshakufa, na muda uliobaki tunashughulika na jinsi mhariri na familia yake watakavyotoroka. Mtu aliyewaambia Weusi waache kungoja Wazungu wema wawasemee, ndiye anayesemewa na Mzungu mwema kwa saa nzima. André Brink alikuwa ameshaipita njia hiyo katika riwaya yake *A Dry White Season* ya mwaka 1979: Gordon Ngubene, mfagizi wa shule, anakufa mikononi mwa polisi akitafuta ukweli wa kifo cha mwanawe, na moyo wa riwaya unabaki kwa mwalimu Mzungu anayeamka usingizini. Brink ana utetezi mzuri zaidi kidogo, kwa kuwa aliwalenga wasomaji wa Kiafrikaana waliokuwa wamelala, na Ngubene ni mtu wa kubuni. Biko si wa kubuni. Anayetaka kumjua aanze na maandishi yake mwenyewe, yaliyokusanywa kitabuni mwaka 1978. Humo kuna mtu mwenye utani, anayebishana na anayekosea na kujirekebisha, na ambaye hakuna mwigizaji aliyewahi kumfikia.

Wengi wa waliouawa hawakuacha kitabu. Hapo ndipo ndugu wanapoingia, na mara nyingi ni ndugu asiyetarajiwa. Kwa Timol alikuwa mpwa, Imtiaz Cajee, aliyekuwa mtoto mdogo mjomba wake alipokufa. Bibi yake, Hawa Timol, alifika mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1996 kueleza habari za mwanawe, akafariki mwaka uliofuata bila kuambiwa ukweli. Cajee akalirithi swali la bibi. Mwaka 2005 alitoa kitabu, na mwaka 2020 akatoa kingine.

Kwa ufundi wa kalamu, Cajee hamkaribii van Wyk wala Fo. Vitabu vyake vimejaa barua, tarehe, majina ya mashahidi na nakala za hati, na kuna kurasa utazipita haraka. Ila humo ndimo Timol anapopumua. Tunamwona mtoto aliyezaliwa Breyten na kulelewa Roodepoort, kijana aliyekwenda Makka kuhiji na kisha akaelekea London, akafundisha watoto wa wahamiaji huko, akapata mpenzi Mwingereza, akasomea siasa Moscow katika kundi moja na Thabo Mbeki, halafu, alipokuwa na kila sababu ya kubaki Ulaya, akarudi nyumbani mwaka 1970 kufundisha mchana na kusambaza vipeperushi usiku. Haji aliyekuwa mkomunisti! Wasomaji wetu wa pwani watatabasamu hapo, maana kila mji una mzee mmoja wa namna hiyo. Mtu wa aina hii haingii katika kisingizio chochote, cha sabuni wala cha dirisha. Na ukishamjua hivyo, ile hadithi ya kahawa huhitaji kuikejeli tena, haisimami tu.

Kitabu cha Cajee kilifanya pia jambo ambalo shairi halingeweza. Ushahidi alioukusanya yeye na waliomsaidia ulilifungua upya jalada. Mwaka 2017 uchunguzi wa kifo ulisikilizwa tena mbele ya Jaji Billy Mothle. Salim Essop, aliyekamatwa pamoja na Timol kwenye gari moja na kuteswa hadi akapelekwa hospitali, alieleza yaliyofanyika ndani ya jengo lile. Wataalamu wa uchunguzi wa maiti walionyesha majeraha ambayo anguko pekee halikuweza kuyaeleza, yakiwamo ya kichwa na taya, na kwamba mtu aliyeumizwa kiasi kile asingeweza kuinuka na kulikimbilia dirisha. Tarehe 12 Oktoba 2017 Jaji akatamka kuwa Timol hakujirusha, alisukumwa. Mwaka 2022 mahakama ilifuta pia uamuzi wa zamani kuhusu Dakta Neil Aggett, aliyefia jengo hilohilo mwaka 1982, na mwaka 2023 ikawa zamu ya Imam Haron.

Haya yote si habari za kale za watu wa mbali. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu kijana na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, na asubuhi ya tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Ni maneno yaleyale ya Port Elizabeth, na sidhani kama aliyeyatoa alijua anamnakili mtu. Uchunguzi wa maiti uliyakanusha, Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti, na watu kadhaa, wakiwamo askari, wakashtakiwa kwa mauaji. Mashairi yalianza kusomwa kabla hajazikwa, na yataendelea kuandikwa. Ningewaomba watunzi wake kitu kimoja: ukuta mwachieni wakili, nyinyi tuambieni alifundisha nini, na wanafunzi wake walimwitaje akiwa hayupo darasani.

Kuhusu Timol, shule ya sekondari ya Azaadville ilipewa jina lake mwaka 1999, na Nelson Mandela alihudhuria. João Rodrigues alipanda kizimbani mwaka 2017 akiwa mzee, akarudia kisa cha kahawa na mishahara kama alivyokitoa mara ya kwanza. Jaji hakumwamini. Mwaka 2018 alishtakiwa kwa mauaji, akapinga mashtaka kutoka mahakama moja hadi nyingine kwa hoja kwamba muda mrefu mno umepita. Alifariki Septemba 2021, kesi ikiwa haijaanza kusikilizwa.